Mtu, mbuzi na mizani: dhana potofu kuhusu akili mnemba na sanaa

Jumamosi baada ya alasiri huwa nakaa barazani na vijana wachache, hapa Tanga, tukijifunza kutunga mashairi. Miaka ya nyuma walikuwa wakiniuliza tofauti ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mstari, au iwapo kibwagizo kinaruhusiwa kubadilika. Siku hizi swali la kwanza ni jingine: kuna haja gani ya kujisumbua na mizani, ilhali simu inatunga ubeti kabla chai haijapoa?

Swali hilo silidharau. Limebeba mengi yanayosemwa kuhusu akili mnemba, au akili unde kama waiitavyo ndugu zetu wengi wa Kenya, na mengi kati ya hayo si kweli. Nayapitia hapa moja baada ya jingine. Penye ushairi nitakawia, maana huko ndiko ninakokujua.

"Mashine inaumba kutoka hewani"

Haiumbi kutoka hewani. Stable Diffusion, programu ya kutengeneza picha iliyotolewa Agosti 2022, ilifunzwa kwa picha za mkusanyiko uitwao LAION-5B, wenye jozi bilioni 5.85 za picha na maneno yanayozieleza, zote zikiwa zimeokotwa kwenye intaneti. Waliozichora na kuzipiga picha hizo hawakubishiwa hodi.

Namna inavyojifunza ni ya kustaajabisha, na inafaa kueleweka. Picha humwagiwa chenga kidogo kidogo, kama zile za televisheni isiyoshika mawimbi, mpaka ipotee kabisa. Programu hufunzwa kurudi kinyumenyume, iziondoe chenga hatua kwa hatua. Ikisharudia hivyo kwa picha nyingi mno, unaweza kuipa chenga tupu pamoja na maneno "jahazi jua likizama", nayo ikakutolea jahazi ambalo halijawahi kupigwa picha. Kwa hiyo wanaosema kwamba inakata vipande vya picha na kubandika nao wamekosea. Haina kabati la picha inalochomolea. Ila watafiti wameonyesha kuwa picha iliyojirudia mara nyingi katika mafunzo yake inaweza kutoka karibu vilevile ilivyoingia.

Mwaka 2018 mnada wa Christie's huko New York uliuza picha ya mtu iitwayo "Edmond de Belamy" kwa dola 432,500. Programu iliyoitengeneza ilikuwa imelishwa picha 15,000 za watu, zilizochorwa kati ya karne ya 14 na ya 20. Pale chini, mahali pa jina la mchoraji, iliwekwa fomula ya hesabu. Kila niikumbukapo fomula ile nawafikiria wale wachoraji wa karne zote hizo.

"Wasanii nao huigana, basi mashine ina kosa gani?"

Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na mfano wake uko hapa hapa kwetu. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968. Alitumia mbao laini za kujengea dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alichora chui, ndege, tembo, mnyama mmoja akijaza ubao mzima. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Na bado mtindo wake uko hai zaidi ya nusu karne baadaye, kwa sababu aliigwa. Ndugu na jamaa waliokaa naye walianza kwa kujaza rangi kwenye michoro yake, wakajifunza mkono wake, wakaendelea alipoachia. Baadaye wakaunda chama chao cha ushirika huko Oysterbay, Dar es Salaam. Kwa hiyo ni kweli, kuiga ndiko kulikowafikisha hapo.

Lakini tazama waliiga vipi. Waliketi na mwalimu, wakala sufuria moja, na alipokufa wakalibeba jina lake hadi likawa jina la sanaa nzima. Kila mmoja akaongeza lake: huyu akaleta umati wa sokoni, yule akaleta masimulizi ya mashetani na waganga. Mnunuzi akilipa, fedha inafika kwa mchoraji na watoto wake. Leo mtu wa nchi yoyote anaandika kwenye simu "chui kwa mtindo wa Tingatinga" na kupata chui kwa sekunde chache. Jina limetumika, mkono umeigwa, na pale Oysterbay hakuna aliyepata hata ya nauli. Anayeniambia hayo mawili ni sawa hajawahi kumwona mwanafunzi akiosha brashi za mwalimu wake.

"Aliyeandika maelekezo ndiye mwenye mali"

Inategemea sheria ya wapi. Marekani imeshikilia kwamba hakimiliki inahitaji mtunzi binadamu. Jason Allen alishinda zawadi kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022 kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney, programu nyingine ya picha, akasema alibadilisha maelekezo yake mara zisizopungua 624. Ofisi ya hakimiliki ikamkatalia Septemba 2023. Machi 2025 mahakama ya rufani ya Washington nayo ilimkatalia Stephen Thaler, aliyetaka mashine yake iandikishwe kuwa ndiyo mtunzi. Sheria ya Uingereza ya 1988 inakwenda njia nyingine: kazi iliyotengenezwa na kompyuta mtunzi wake ni yule aliyefanya maandalizi ya kuiwezesha. Sheria ya Kenya ya 2001 ina maneno yanayofanana na hayo. Msanii anayetegemea picha ya mashine kwa jalada la albamu yake aulize kwanza. Asije akakuta jalada hilohilo kwa mwingine na hana pa kushitaki.

"Nyuma ya mashine hakuna mkono wa mtu"

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti habari za Wakenya waliokuwa wakifanya kazi Nairobi katika kampuni ya Sama, iliyopewa kandarasi na OpenAI, wenye ChatGPT. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi ya ukatili, ya kubaka watoto, ya kuua na ya kujiua, na kuyawekea alama ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Kilichofika mfukoni mwao kilikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi walieleza kuwa walibaki na majeraha ya akili.

Huwa nawasimulia vijana wangu habari hii polepole. Ule upole mashine inaokujibu nao, lugha yake safi isiyotukana, umepita kwenye macho ya watu waliosoma uchafu wote huo ili wewe usiuone. Wapo pia wasemaji wengi wa Kiswahili waliojitolea kusoma sentensi kwa sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, bila kulipwa, ili lugha yetu isiachwe nyuma. Simu ikikuelewa unaposema, wakumbuke na hao.

"Itatufanya sote kuwa wabunifu"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo nitaitetea. Mwanafunzi aliyekwama kwenye vina anaweza kuomba orodha ya maneno yanayoishia na "-zi" akapata ishirini kwa mara moja. Kamusi isingempa kwa wepesi huo. Anayeogopa ukurasa mweupe hupata pa kuanzia. Sioni aibu ndani yake.

Utafiti uliochapishwa Julai 2024 katika jarida la Science Advances uliwapa waandishi kazi ya kutunga hadithi fupi sana, baadhi wakisaidiwa mawazo na akili mnemba. Waliosaidiwa walionekana wabunifu zaidi, hasa wale ambao kwa kawaida ubunifu wao ni mdogo. Ila hadithi zao zilipowekwa pamoja, zilifanana zaidi kuliko za wale wasiosaidiwa. Kila mmoja alipanda, na bustani nzima ikawa na ua la namna moja. Nimeliona hilo barazani kwangu bila mtafiti yeyote: wiki waliyotumia simu, watatu waliniletea shairi la mama linaloanza kwa nuru na kumalizia kwa nyota.

"Watu wameshindwa kutofautisha, basi kazi imekwisha"

Ni kweli wameshindwa. Jarida la Scientific Reports lilichapisha Novemba 2024 jaribio ambalo wasomaji wa kawaida waliwekewa mashairi ya Kiingereza ya washairi mashuhuri pamoja na ya mashine. Walipatia asilimia 46.6 tu, chini ya mtu anayerusha sarafu, na kwa jumla waliyapenda zaidi ya mashine. Sababu iliyotolewa na watafiti ni kwamba ya mashine yanaeleweka upesi. Basi jaribio hilo limepima wepesi wa shairi kumezeka. Shairi gumu lililonikalia kifuani tangu ujana wangu lingeshindwa vibaya kwenye mtihani ule.

"Sasa inajua Kiswahili, hata shairi inatunga"

Tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, kwa kawaida ina mizani 16 kwa mstari, 8 ukwapi na 8 utao. Mizani ni silabi, na kuihesabu ni kazi ya sikio. "Mtu" ina mizani 2, m-tu, kwa kuwa m imesimama yenyewe. "Mbuzi" nayo ina 2, mbu-zi, kwa kuwa m hapo imeshikana na b na haihesabiwi peke yake. "Nchi" ni 2, n-chi. "Ndoto" ni 2, ndo-to. Mtoto aliyelelewa kwa lugha hii hafundishwi jambo hilo. Mpigishe makofi tu, kofi kwa silabi, atakuhesabia bila kukosea.

Programu haisikii kofi lolote. Kabla ya kufanya lolote huyakata maandishi vipandevipande, kwa kufuata herufi zinazoandamana mara nyingi katika yale iliyolishwa, na sehemu kubwa ya iliyolishwa ni Kiingereza. Neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi, na makato hayo hayajali silabi inaanzia wapi. Tulijaribu barazani, tukaiomba beti nne kuhusu upepo wa kusi. Kati ya mistari 16, iliyotimia mizani ilikuwa mitano. Vina vya mwisho vilikuwapo. Vya kati vilipotea kwenye ubeti wa pili na havikurudi.

Nakiri kwamba inaboreka. Ya leo inahesabu vizuri kuliko ya miaka miwili iliyopita, na hilo la mizani huenda likatengenezwa kabisa. Siwezi kuwaambia vijana wangu wajifunze kwa sababu tu mashine inakosea hesabu, maana siku itakapopatia nitakuwa sina la kuwaambia.

Linalonishughulisha ni jingine. Shairi letu tangu zamani ni neno la mtu kwa mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga wakati Wamazrui, watawala wa mji huo, wakivutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na beti zake zilikuwa na wa kupigwa nazo. Baadaye kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zikaendeleza mtindo huo: wa Pangani anauliza, wa Malindi anamjibu kwa vina vilevile, wa Unguja anaingilia kusema wote wawili hawajui. Watu wamelumbana hivyo miezi kwa miezi bila kuonana uso kwa uso. Mtunzi alijua kesho kutwa atakutana na waliomsoma, na akikosea atasutwa.

Kwa hiyo niliwapa zoezi. Chukueni zile beti nne za mashine, nikawaambia, mzijibu. Wengi walihangaika. Hapakuwa na dai la kupinga wala mtu wa kuudhika, na maneno yote yalikuwa mazuri kwa namna moja. Yuko mmoja tu, binti wa mvuvi, aliyepata pa kushika. Mashine ilikuwa imeandika kwamba kusi ni upepo mwanana unaobembeleza tanga. Alisoma mstari ule mara mbili, akanyamaza. Nyumbani kwao, miezi ya Juni na Julai, kusi inapochafua bahari, ngalawa hazitoki na jikoni hupunguzwa kipimo cha unga. Alirudi Jumamosi iliyofuata na ubeti mmoja. Niliuhesabu kwa makofi, ukatimia:

We uisifuye kusi, huijui abadani,
Kwetu huvuma kwa kasi, ngalawa hubaki pwani,
Baba hutulia nasi, hushona nyavu uani,
Njoo ukae na sisi, ndipo utunge diwani.