Je, wajua kwa nini Timanthes, mchoraji wa Ugiriki ya kale, katika mchoro wake wa kafara ya Iphigenia alimfunika uso baba mwenye uchungu kuliko wote?

Mchoro wenyewe ulipotea zamani. Tunaujua kwa maandishi ya Warumi kama Cicero, Plinius na Quintilianus. Kisa chake ni hiki: merikebu za Wagiriki zinazokwenda kuupiga mji wa Troya zimekwama katika bandari ya Aulis, na mwaguzi Calchas anasema mungu wa kike Artemis anamtaka binti wa amiri wao Agamemnon, Iphigenia, awe kafara.

Timanthes, aliyeishi karibu mwaka 400 KK, alimchora binti amesimama madhabahuni, kisha akaipandisha huzuni ngazi kwa ngazi. Calchas ana majonzi. Ulysses, shujaa mwenzao wa Kigiriki, amemzidi. Menelaus, baba mdogo wa binti, akapewa uchungu wote ambao uso unaweza kuubeba. Kwa baba mzazi hapakubaki kitu cha kuongeza, hivyo akamfunika kichwa kwa vazi lake.

Ugumu huo ni wa kweli. Huzuni huchorwa kwa kuinua ncha za ndani za nyusi, kukunja paji la uso katikati na kushusha pembe za mdomo. Ukizidisha, mdomo unaachama, macho yanafumba, mashavu yanapanda, na anayelia anaanza kufanana na anayecheka. Leonardo da Vinci aliliona hilo: kinachowatofautisha zaidi ni nyusi. Mtazamaji akisimama mbali, nyusi hazionekani vizuri.

Mwaka 1766 mwandishi Mjerumani Lessing alipinga kwamba mchoraji alishindwa. Kwake, uso ule ungekuwa wa kutisha tu, na sanaa ya Kigiriki haikuukubali ubaya huo. Hoja nzuri, ila mimi naona nguvu iko kwa majirani. Mtu aliyejifunika akiwa peke yake anaweza kuwa anasikia baridi. Ni zile nyuso tatu zinazomwongoza mtazamaji akisie ya nne.

Ishara yenyewe haikuwa ngeni. Katika tamthilia ya Mgiriki Euripides juu ya kisa hikihiki, iliyoigizwa karibu mwaka 405 KK, Agamemnon anageuza kichwa na kuziba macho kwa vazi.

Mchoro wa ukutani wa kisa hicho kutoka Pompeii, mji wa kale wa Warumi, uliopo makumbusho ya Napoli, nao unamwonyesha amejifunika, upande wa kushoto. Usiuchukue kama nakala: humo Iphigenia amebebwa na wanaume wawili, hajasimama.