Kompyuta yangu haijui jino lako linauma wapi

Jumanne mzee mmoja kavuka kutoka upande wa Kenya, kaja kwenye kliniki yangu ya meno hapa Busia ya Uganda, jino la chini linamuuma akitafuna. Nimemkagua kwa kioo na proubu, kile kichuma chembamba cha kupapasia jino, nimegonga jino moja moja, nimemaliza, ndo ananiambia, "Sasa musawo (daktari), si uwashe kompyuta ituambie ni lipi?" Angekuwa wa kwanza ningecheka. Ni wa nne mwezi huu, banange.

Kompyuta haioni jino. Unapigwa eksirei, sensa inapokea, picha inatokea kwenye skrini baada ya sekunde chache badala ya ile filamu tuliyokuwa tunalowesha kwenye dawa gizani, basi. Msomaji wa picha ni mimi, na picha yenyewe ni kivuli tu. Kuoza kunakoanza hakuonekani mpaka jino liwe limeshapoteza madini mengi, ufa mara nyingi hauonekani kabisa, halafu pale shingoni mwa jino kuna weusi unafanana na kuoza kumbe ni mionzi imepita kirahisi mahali enameli, lile ganda gumu la nje, imeishia. Zipo programu za akili bandia zinazokuchorea duara kwenye tundu, sawa, lakini nazo zinasoma kivuli hichohicho. Nikichezea kontrasti naweza kutengeneza tundu au kulifuta, hivihivi kwa mausi. Na nikiri, kuna picha nimeitazama asubuhi nikasema tuzibe, jioni nikaitazama tena nikasema tusubiri miezi sita, na mpaka leo sijui nilikuwa sahihi saa ngapi. Mionzi ni michache kuliko ya filamu, ndiyo, ila kwa sababu kurudia hakuna gharama ya filamu basi tunarudia, tunarudia, na faida inaliwa hapo.

Lakini kinachonikera hasa ni namba. Sisi huku tunahesabu kwa FDI, mfumo wa shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno: tarakimu ya kwanza ni kona ya mdomo, ya pili ni jino kuanzia katikati. Kwa hiyo 14 haisomwi kumi na nne, inasomwa moja-nne, kona ya juu kulia, jino la nne. Wamarekani wao wanahesabu moja kwa moja, 1 mpaka 32, wanaanzia gego la mwisho juu kulia, wanazunguka, na kwao 14 ni kumi na nne kwelikweli: gego la kwanza juu KUSHOTO. Sasa programu nyingi zimetengenezwa Marekani, mtu anaiweka kwenye kompyuta, anabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo, hafungui mpangilio hata siku moja. Nimewahi kuletewa mgonjwa na barua imeprintiwa vizuri, ina na nembo: "ng'oa 14". Nikafungua mdomo, moja-nne jeupe, zima, halina hata doa, na shavu lililovimba ni la upande wa pili! Kilichoniokoa ni uvimbe. Angekuwa na maumivu bila uvimbe, na mimi nina foleni mpaka nje, na barua imetoka kwenye kompyuta... sitaki kufikiria. Barua ya mkono ningeiuliza maswali. Iliyoprintiwa, nilikuwa nimeshaanza kuiamini kabla hata sijachukua kioo. Tangu siku hiyo naandika namba halafu naandika na maneno: gego la kwanza, juu, kushoto. Wenzangu wanasema nina mbwembwe.

Ndo maana siwaungi mkono vijana wanaomcheka mzee wetu mmoja wa kazi ambaye mpaka leo anaandika wagonjwa kwenye kadi za karatasi. Wanasema anaogopa teknolojia. Haogopi kitu, mikono yake ina glavu zenye mate na damu, kwenye kadi nesi anachora alama moja ya wino mwekundu na imeisha, kwangu mimi ni kubonyeza mara sita, na nikigusa kibodi na glavu hizo nimekupakia mdomo wa mtu mwingine. Mimi nimefunika kibodi plastiki, nabadilisha kila mgonjwa, na mwisho wa mwezi bado nahesabu upya kwa ajili ya HMIS 105, ile fomu ya ripoti ya mwezi ya Wizara ya Afya. Ila na yeye asijisifu, kadi zake za kabati la chini zililiwa na mchwa. Zangu ziliondoka na diski iliyokufa, sikuwa na bekapu. Tumetoka sare. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha yeye anaendelea kuandika, mimi natafuta simu ninunue tokeni.

Haya, mzee wa Jumanne. Nikapiga eksirei ili tusibishane, safi kabisa. Nikamwekea rola ya pamba juu ya jino, nikamwambia ng'ata, kimya, achia, akaruka kitini. Ufa huo. Nikamweleza, akakubali, tukapanga siku ya kulivika kofia. Anatoka mlangoni akageuka, akaomba ile picha nimtumie WhatsApp amwonyeshe mke wake ugonjwa.

Nikamtumia. Kwenye hiyo picha hakuna kitu.