Priampu ya valvu: kazi yake hasa, na namna ya kuichagua

Ami yangu anakaa ghorofa za Michenzani, na ana santuri ambazo hataki mtu azishike. Mwanawe alimletea kutoka Maskati kisanduku cheusi chenye chupa mbili za kioo zilizochomoza juu. Akakiunga na deki yake ya sidi, akagusa volyumu kiasi cha upana wa ukucha, udi ukanguruma hadi vikombe vikalia kabatini na jirani wa chini akapiga hodi. Aliporudisha kidogo, spika ya kushoto ikanyamaza na ya kulia ikaendelea. Kisha akaunga mashine ya santuri. Hapo mambo yakageuka, sauti ikawa ya mtu anayenong'ona ndani ya mtungi.

Akaniita. "Wewe si ndo mjuzi wa machupa haya? Basi njoo uniambie, hiki kitu ni cha nini?"

Suali zuri, kwa sababu wengi hununua kabla ya kuliuliza.

Priampu ni chombo kinachokaa kati ya kinachotoa muziki (sidi, redio, simu, santuri) na ampu kubwa inayosukuma spika. Humo ndimo unachagua kinachosikilizwa, ndimo inamokaa volyumu, na ndimo mawimbi dhaifu hutiwa nguvu kidogo ili ampu kubwa iyapokee bila taabu. Kuzisukuma spika si kazi yake. Ikiitwa "ya valvu", maana yake kazi hiyo ya kutia nguvu hufanywa na chupa za kioo zilizotolewa hewa, si na transista (vile vipande vidogo vigumu vilivyomo kwenye redio za kisasa). Waliokulia na zile redio za mbao wanazijua: ukiwasha unasubiri kwanza, chupa zipate moto, ndipo msomaji wa habari aanze kusikika.

Ndani ya chupa mna waya unaopashwa moto, kwa kawaida kwa volti 6.3. Joto hilo hukifanya kipande cha chuma kilicho jirani kirushe elektroni kuelekea kipande cha pili chenye umeme mkubwa, mara nyingi volti 150 hadi 300. Katikati kuna wavu mwembamba, na muziki wetu dhaifu huingizwa kwenye wavu huo. Wavu unazuia, unaachia, unazuia, na mkondo mkubwa unafuata. Ni kama usukani wa jahazi: mkono mmoja wa nahodha unageuza chombo kizima, lakini nguvu ni ya upepo. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeutia wavu huo mwaka 1906, miaka miwili baada ya Fleming wa Uingereza kutengeneza chupa isiyo na wavu. Transista ilikuja mwisho wa 1947, na ilipokuwa rahisi na ndogo, valvu zikaondoka majumbani.

Zimerudi kwa ajili ya ladha. Valvu huongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye rikodi. Kitaalamu ni kasoro, upotoshaji, lakini sehemu kubwa ya kasoro hiyo ni hamoniki ya pili, yaani sauti ile ile kwa oktava ya juu. Mpiga kanuni akigusa noti na oktava yake pamoja hakuna anayesema amekosea. Ndiyo maana fidla na nai kwenye valvu huonekana kama zina nyama zaidi. Lakini nisikudanganye: priampu ya valvu iliyotengenezwa vizuri huongeza kidogo sana, na kama spika zako ni mbovu, tengeneza spika kwanza.

Sasa turudi kwa Ami na ule ukucha. Deki ya sidi hutoa kama volti 2. Ampu kubwa nyingi zinahitaji volti 1 hivi, au pungufu, kufika mwisho wa nguvu zake. Kwa hiyo sidi tayari imezidi! Halafu kile kisanduku kilikuwa na valvu za ECC83, ambazo Wamarekani huziita 12AX7. Valvu hiyo kwa namba za kitabu hukuza mara 100, na hata ikipungua ndani ya saketi bado ni nyingi mno. Matokeo yake volyumu inabaki chini kabisa, mahali ambapo vidude vya kuzungusha havilingani kushoto na kulia, na mvumo wa valvu zenyewe unakuzwa pamoja na muziki.

Kwa hiyo unapochagua, uliza kwanza hukuza mara ngapi, ndipo uangalie umbo. Kwa sidi, simu na redio, ndogo inatosha. ECC82, yaani 12AU7, ina namba ya karibu 20 tu, na 6SN7 ya zamani, ile nene ya kizibo cheusi, ni karibu hivyo hivyo. Dalili ya uchaguzi mzuri ni volyumu kukaa baina ya saa tatu na saa sita kwa usikilizaji wa kawaida. Nasema saa zetu za Kiswahili: alama ya volyumu ielekee baina ya 9 na 12 kwenye uso wa saa.

Santuri ni kisa kingine. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa kama milivolti 5, na zipo zinazotoa sehemu ya kumi ya hiyo. Tena LP, santuri zile za mzunguko wa 33, huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha makampuni ya rikodi ya Marekani, ambayo makampuni yaliifuata kuanzia 1954. Anayesoma lazima ayarudishe yote mawili kama yalivyokuwa. Sehemu inayofanya kazi hiyo huitwa fono, na kisanduku cha Ami hakikuwa nayo. Hapo ECC83 ndiyo mahali pake. Kama unanunua kwa ajili ya santuri, tafuta neno "phono" nyuma ya chombo. Lisipokuwepo, utanunua kisanduku cha pili. Na wenye santuri nzito za mzunguko wa 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda kurikodi Bombay mwaka 1928, wajue kwamba hizo ni za kabla ya kanuni hiyo, na mfereji wake ni mpana: sindano ya LP ni nyembamba mno kwake.

Jambo jingine halionekani kwa macho. Priampu ya valvu iliyorahisishwa haina nguvu ya kubeba mzigo mzito. Ampu ya transista yenye kiingilio cha kilo-omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inaweza kuinyonya besi: kapasita ya kutolea, kile kipande kinachopitisha muziki na kuzuia umeme mkubwa, ikiwa ya mikrofaradi 0.47 na ikikutana na kilo-omu 10, besi inaanza kuanguka karibu na hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde. Ikikutana na kilo-omu 100, inaanguka chini ya hezi 4, usikoweza kusikia. Linganisha namba mbili: ukinzani wa kiingilio cha ampu uwe angalau mara kumi ya ule wa kitolea cha priampu.

Vile visanduku vya bei ya chini vinavyong'aa rangi ya machungwa, viangalie mara mbili. Baadhi vimewekewa taa ndogo ya LED chini ya chupa, na valvu yenyewe inapewa volti 20 au 30, kama mtu aliyefungishwa saumu. Ng'aro hiyo ni ya dukani.

Kisha kuna umeme wetu. Kitu cha mtumba kutoka Japani ni cha volti 100, cha Marekani 120. Ukikichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, moshi utakujibu. Na usiku umeme ukishuka hadi 180, ile 6.3 inakuwa kama 4.9 na valvu inafanya kazi ikiwa baridi. Stabilaiza si anasa. Chumvi ya pwani nayo hula miguu ya valvu na soketi. Sauti ikianza kukwaruza, chomoa waya wa umeme, acha vipoe, toa valvu uifute miguu kwa spiriti. Ndani usiguse, kwani kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Na tundu za hewa ziwekee wavu mwembamba, mjusi kafiri anapenda joto.

Kwa Ami, kitabu cha kisanduku chake kiliruhusu ECC82 kwenye soketi zile zile (si vyote vinaruhusu, soma kwanza). Tukabadilisha zote mbili. Nikazigonga taratibu kwa penseli, kwa sababu valvu mbovu hulia kama kengele kwenye spika. Moja ililia, tukairudisha dukani. Volyumu sasa inakaa saa nne. Fono bado anaingoja, na mwanawe ameshaandikiwa aina gani alete.