Je, wajua kwa nini jicho hurudi nyuma lakini sikio haliwezi?

Mtu wa Urambo, mkoani Tabora, akikwambia amemaliza kitabu kizima kwa kukisikiliza kwenye simu huku akichambua tumbaku, hakosi jirani wa kumkosoa: hicho hujakisoma, umesimuliwa tu. Kauli hiyo ina nguvu kuliko inavyostahili. Walimu huisema, wazazi huisema, na wasikilizaji wa vitabu vya sauti wenyewe huisema kwa aibu kidogo, kama waliofaulu kwa kuibia. Ndani yake yamefungwa madai mawili: kwamba neno lililoingia kwa sikio haliendi kule kichwani linakokwenda neno lililoingia kwa jicho, na kwamba hata likifika, halikai.

Dai la kwanza limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwemo Fatma Deniz na Jack Gallant, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 9 waliolazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili. Kila mmoja alisikiliza hadithi zilizowahi kurushwa redioni, na pia akazisoma hadithi hizo hizo. Kutokana na mtiririko wa damu kichwani, watafiti walichora ramani ya maana: maneno yanayohusu watu na jamaa yanaamsha wapi, ya idadi wapi, ya mahali wapi. Ramani ya kusikiliza na ramani ya kusoma zilikaribia kuwa ramani moja. Sehemu zinazopokea sauti na zinazopokea herufi ni tofauti, hilo halina ubishi, lakini maana ikishapatikana inashughulikiwa maeneo yale yale. Watu 9 ni wachache, ingawa kwa majaribio ya aina hii, ambayo humpima mtu mmoja kwa muda mrefu, si idadi ya kushangaza. Kuna jambo moja kuhusu namna walivyosomeshwa hadithi hizo ambalo tutalifikia baadaye, maana linabadilisha uzito wa habari yote.

Dai la pili nalo halijasimama vizuri. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake, pia nchini Marekani, walichukua watu wazima 91 na sehemu za kitabu cha kweli kuhusu Vita ya Pili ya Dunia. Kundi moja lilisikiliza, jingine likasoma kwenye kifaa cha kielektroniki, la tatu likafanya yote mawili kwa pamoja. Walipoulizwa maswali papo hapo, hakuna kundi lililoyaacha mengine. Baada ya wiki mbili wakaulizwa tena, na bado hakuna. Hata waliosoma huku wakisikiliza, ambao mtu angedhani wamekula mara mbili, hawakupata ziada yoyote. Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Waliosoma walisomea kwenye kioo, si karatasi. Tena kilichosomwa kilikuwa kisa cha kusisimua chenye mwanzo na mwendelezo, si sura ya kitabu cha Fizikia kidato cha tatu.

Basi kuna wanaoikataa kauli ya yule jirani na kutumbukia kwenye kosa jingine, ambalo ni baya zaidi kwa sababu linasikika la kisasa. Hawa husema: mimi ni mtu wa masikio, nikisoma hakiingii kitu, nikisikia ndiyo nashika. Au kinyume chake. Walimu wengi wamewahi kufundishwa hivyo vyuoni, kwamba darasani kuna wanafunzi wa macho na wanafunzi wa masikio, na kila mmoja afundishwe kwa mlango wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi wa kweli wa jambo hili, yaani wale wa masikio wafanye vizuri zaidi wakisikilizishwa, na wale wa macho wafanye vizuri zaidi wakisoma. Hawakupata ushahidi wa kutosha kulitetea darasani. Watu wana wanachokipenda, hilo ni kweli kabisa. Ila kupenda njia na kuelewa zaidi kwa njia hiyo ni mambo mawili, na la kwanza haliji na la pili mfukoni.

Historia yenyewe tuipite haraka. Maandishi yana umri wa miaka kama 5,000; masimulizi ya mdomo ni ya kale kuliko hayo kwa muda ambao hakuna wa kuuhesabu. Vitabu vya kusikiliza kama bidhaa vilianza miaka ya 1930, Marekani na Uingereza, kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka katika Vita ya Kwanza. Kitabu kimoja kilijaza rundo la sahani za santuri. Leo kinakaa kwenye simu ya mtu aliye katikati ya mabani ya kukaushia tumbaku, na mikono yake ina kazi nyingine.

Hadi hapa msikilizaji wa Urambo anaelekea kushinda kesi. Lakini kuna jaribio linalomharibia. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody walichapisha habari za wanafunzi wa chuo waliopewa makala moja ya kitaaluma. Wengine waliisoma, wengine waliisikiliza kama rekodi ya dakika 22, kila mmoja kwa wakati wake. Siku mbili baadaye wakapewa jaribio. Waliosoma walipata wastani wa asilimia 81. Waliosikiliza walipata 59. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenganisha anayefaulu vizuri na anayeitwa ofisini kwa mwalimu.

Inawezekanaje ubongo uwe mmoja, kisa cha vita kiingie sawasawa, halafu makala ya darasani yaporomoke hivyo? Jibu limejificha kwenye kitu ambacho hakuna msomaji anayekiona kwa sababu anakifanya bila kujua.

Jicho halitelezi juu ya mstari. Linaruka. Linatua kwenye neno kwa kama robo ya sekunde, linaruka mbele, linatua tena. Katika kila miruko 100, kati ya 10 na 15 hivi huwa ni ya kurudi nyuma. Msomaji mzuri, anayeelewa anachokisoma, hurudi nyuma mara zote hizo, na ukimuuliza atakuapia kwamba amesoma moja kwa moja kutoka juu hadi chini.

Fikiria abiria wa treni kutoka Tabora kwenda Kigoma, na mwenzake anayeifuata reli hiyo hiyo kwa miguu. Wote wanapita Urambo, wote wanapita Kaliua, nchi ni ile ile na miti ni ile ile. Mtembea kwa miguu akifika Kaliua, pale reli inapochepuka kwenda Mpanda, na akahisi ameshika njia isiyo yake, anageuka hatua chache, anatazama, anaendelea. Hatua hizo hazimgharimu kitu na jioni hatazikumbuka. Abiria wa treni naye akisinzia dakika mbili kabla ya Kaliua, treni haisinzii pamoja naye. Anashtuka Nguruka, anachungulia dirishani, na mbaya zaidi anaweza asijue kabisa kwamba kuna kituo kimempita. Halafu kuna maeneo ambayo mtembea kwa miguu hupunguza mwendo mwenyewe, kwenye mchanga au kwenye mteremko, na mengine anatembea haraka kwa sababu njia ni nyeupe. Treni ina mwendo wake, na mwendo huo aliuamua mtu mwingine.

Aliyekisoma kitabu cha sauti kwenye rekodi ndiye dereva wa treni hiyo. Yeye anajua wapi pa kupunguza kwa ajili ya sikio la kawaida, lakini hajui wewe umekwama wapi. Sauti nayo haina uwanda wa kurudia: ikishatamkwa imekwisha, kilichobaki ni mwangwi mfupi kichwani. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza hifadhi ndogo ya kumbukumbu inayoshika sauti za maneno, na kazi zilizofuata zinaonyesha kwamba usiporudiarudia moyoni, inashika sekunde chache tu kabla ya kufutika. Sentensi ndefu yenye masharti matatu inaweza kumaliza muda huo kabla haijafika kwenye nukta.

Utasema kitufe cha kurudisha nyuma kipo, na ni kweli kipo. Lakini ili ukibonyeze ni lazima kwanza ugundue kwamba umepotea, kisha uamue, kisha utoe mkono kwenye tumbaku. Jicho linarudi kabla hujagundua.

Waliojua shida hii mapema kuliko wanasayansi ni watu wa uhazili. Tabora kwa miaka mingi ilikuwa na Chuo cha Uhazili, na matangazo ya kazi ya serikali bado yanamtaka mwombaji wa kazi hiyo awe amefaulu hatimkato, yaani maandishi ya alama za mkato ya kunukuu maneno yanapotamkwa, ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 au 100 kwa dakika moja. Hatimkato isingekuwepo kama sauti ingekuwa na tabia ya kusubiri. Ni kazi nzima iliyojengwa juu ya ukweli kwamba bosi akishasema, amesema.

Ushahidi kwamba kurudi nyuma kunafanya kazi, si mazoea tu, ulitoka San Diego mwaka 2014. Elizabeth Schotter, Randy Tran na Keith Rayner waliwasomesha watu sentensi kwenye kioo ambapo kila neno jicho likishalipita linageuka kuwa safu ya herufi x. Jicho likitaka kurudi halikuti kitu. Uelewa ulishuka, na ulishuka hata kwenye sentensi zisizo na utata wowote. Zile programu za simu zinazoahidi kukusomesha kwa kasi ya ajabu kwa kukurushia neno moja moja katikati ya kioo zinafanya kosa hilo hilo kwa makusudi, tena nyingine zinalitoza pesa.

Sasa turudi Berkeley. Wale watu 9 ndani ya mashine walisomeshwaje? Maneno yalirushwa moja moja katikati ya kioo, kila neno likikaa muda ule ule lililotumia kwenye sauti. Yaani ili kulinganisha jicho na sikio kwa haki, watafiti walimpandisha msomaji treni. Lilikuwa jambo la lazima kwa kipimo chao, na ramani zao hazina kasoro kwa hilo. Ila jaribio linalotajwa sana kuonyesha kwamba kusoma na kusikiliza ni kitu kimoja lilianza kwa kuondoa kile hasa kinachovitofautisha.

Virginia Clinton-Lisell alikusanya tafiti 46 zenye washiriki 4,687 na kuzijumlisha mwaka 2022. Kwa jumla, kusoma na kusikiliza vilitoka sare. Kusoma kulitangulia pale msomaji alipoachiwa ashike mwendo wake mwenyewe; mwendo uliposhikwa na mtafiti, ubora huo ulitoweka. Kulitangulia pia kwenye maswali ya kuunganisha mambo na kutambua kisichosemwa wazi, si kwenye yale ya nani alifanya nini. Faida yenyewe haikuwa kubwa, na haifai kupigiwa tarumbeta.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba ubora ni wa jicho. Tabora ipo shule ya msingi inayofundisha wasioona, na wanafunzi wanaosoma nukta nundu hawatumii jicho hata kidogo. Kidole chao kinapita juu ya nukta, kinapunguza mwendo kwenye neno gumu, kinarudi. Wanatembea kwa miguu kama msomaji yeyote wa karatasi. Mwenzao anayesikiliza rekodi ya somo lile lile yumo kwenye treni pamoja na wanaoona.

Na treni ina abiria ambao ingekuwa upuuzi kuwaambia washuke. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado anasukuma silabi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anaelewa kwa sikio hadithi ambazo kwa macho zingemchukua wiki na zingemchosha kabla ya mwisho. Philip Gough na William Tunmer waliliweka hili mwaka 1986 kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kitabu cha sauti kinaiondoa sehemu ya kwanza ya hesabu, na hiyo si njia ya mkato kwa mtu ambaye mlango wake wa maandishi umefungwa.

Kwa hiyo riwaya na mikono yenye kazi vinaelewana vizuri tu. Sheria ya ardhi, au maelekezo ya kuchanganya dawa ya shambani, mimi ningeitafuta karatasi.

Limebaki la akili kuhama. Mwaka 2013 Trish Varao Sousa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walilinganisha namna tatu: kusoma kimya, kusoma kwa sauti, na kumsikiliza mtu akisoma. Waliosikiliza ndio waliozurura sana kimawazo. Waliosoma kimya walizurura kiasi. Waliotulia zaidi kuliko wote ni waliosoma kwa sauti, kwa kuwa mdomo hauwezi kutamka mstari ambao jicho limeuacha. Wale walikuwa watu wazima kwenye chumba cha majaribio, kwa hiyo tusiyahamishe matokeo mazima mazima. Lakini ni vigumu kutolifikiria darasa la wanafunzi 60 ambamo mmoja amesimamishwa asome kwa sauti kwa faida ya wenzake, na mwenye nafasi kubwa ya kujua kilichosomwa ni yeye.