Treni ya Pilatus: kazi iko kwenye kushuka

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni breki za treni, na kwamba treni ninayoihusudu kuliko zote huzidiwa mbio na baiskeli, huwa ananiangalia mara mbili. Leo nijieleze.

Iko Uswisi, kwenye mlima Pilatus, karibu na mji wa Lucerne. Inaanzia Alpnachstad ukingoni mwa ziwa, mita 436 juu ya usawa wa bahari, na inaishia Pilatus Kulm, mita 2,073. Njia nzima ni kama kilomita 4.6 tu. Penye mwinuko mkali kabisa, kwa kila mita 100 za mlalo inapanda mita 48. Reli kuu za kwetu Afrika Mashariki hupanda kama mita 2 hivi kwa kila 100, na hata hapo dereva aliyefunga mabehewa mazito anaisikia injini ikilalamika.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishikani sana. Huo ndio uzuri wa treni, maana inateleza kirahisi kwa nguvu kidogo, na huo huo ndio ubaya wake mlimani. Njia ya Bernina, hukohuko Uswisi, inapanda 7 kwa 100 bila msaada wowote, na hapo tayari mafundi wamefika kikomo. Ukitaka zaidi, unalaza katikati ya njia reli ya tatu yenye meno, na chini ya behewa unafunga gurudumu la meno la kuing'ata.

Wazo hilo lilishafanya kazi kabla ya Pilatus. Sylvester Marsh alifungua njia yake Mount Washington, Marekani, mwaka 1869. Niklaus Riggenbach akafuata mwaka 1871 kwenye mlima Rigi, ng'ambo ya ziwa lilelile la Lucerne. Reli yake ya meno ilikuwa kama ngazi iliyolazwa chini, na meno ya gurudumu yaliingia katikati ya vipago.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Jino likisukuma jino, nguvu haiendi mbele peke yake. Ubavu wa jino una mshazari, kwa hiyo sehemu ya nguvu inalinyanyua gurudumu litoke kwenye reli ya meno. Kinachozuia ni uzito wa behewa unaokandamiza kutoka juu. Mlima ukizidi ukali, mambo mawili yanaharibika kwa pamoja: nguvu kwenye meno inapanda, na mkandamizo wa uzito unapungua. Kule Wales, siku njia ya Snowdon ilipofunguliwa, tarehe 6 Aprili 1896, injini iliyokuwa ikishuka iliachia meno na kuporomoka. Na mwinuko wa Snowdon haufikii hata nusu ya ule wa Pilatus.

Eduard Locher, mhandisi wa Zürich, alikuwa ameshaikwepa hatari hiyo miaka saba kabla. Aliyalaza meno ubavuni. Reli yake ya meno ni ubapa wa chuma wenye meno kushoto na kulia, na magurudumu mawili yaliyolala yanaubana kutoka pande zote mbili, kama vidole vinavyobana tonge. Nguvu ya kusukuma nje bado ipo, lakini ya kushoto inapambana na ya kulia zinamalizana zenyewe. Tena chini ya kila gurudumu kuna sahani inayoingia chini ya reli ya meno, hivyo hata upepo mkali wa mlimani hauwezi kulinyanyua behewa. Njia ilifunguliwa Juni 1889, kwa mvuke.

Bwela, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, lilikuwa na hila yake. Bwela la kawaida hulala kwa urefu. Ukilipandisha mlima huo maji yote yanakimbilia nyuma, mabomba ya mbele yanabaki makavu na kuungua. Locher akaliweka kwa kukingama, upana kwa upana. Riggenbach yeye, kule Rigi, aliwahi kulisimamisha wima kama chupa.

Lakini mpanda ngazi hushuka, na mimi hapo ndipo ninapoanza kuamka. Chukua behewa la tani 10. Kutoka kileleni hadi ziwani linashuka mita 1,637, yaani linatoa nishati ya kilowati-saa kama 45. Ukiigeuza yote kuwa joto, unachemsha zaidi ya lita 400 za maji ya baridi. Ukiachia breki za kusugua peke yake zilimeze joto hilo, safari baada ya safari, utazichoma. Riggenbach alizigeuza silinda za injini kuwa pampu: wakati wa kushuka mvuke unafungwa, pistoni zinavuta hewa na kuikandamiza, na maji kidogo yanapulizwa ndani kupooza. Mlima wenyewe ndio unaoifanyisha injini kazi. Kwenye umeme, ambao Pilatus iliupata mwaka 1937, mota hugeuka kuwa jenereta kwa mantiki ileile. Breki za kusugua zinabaki za kusimamisha na za dharura, zaidi ya moja, kila moja ikijitegemea. Ndiyo maana mabehewa ya 1937 yaliruhusiwa kilomita 12 kwa saa kupanda, lakini 9 tu kushuka. Abiria wengi hudhani ingekuwa kinyume.

Mfumo huu una bei yake. Ubapa wa Locher unasimama katikati, juu kuliko reli, na magurudumu yanaukumbatia pande zote mbili. Behewa haliwezi kuuvuka, kwa hiyo zile njia panda za reli tulizozizoea, za kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine, hazifai kabisa. Pilatus wanatumia majukwaa yanayosogea na behewa likiwa juu yake, au kipande kizima cha njia kinachobiringishwa juu chini kama chapati kikaangoni: upande mmoja una reli iliyonyooka, upande wa pili iliyopinda. Njia nyingine za meno duniani zilipouona mtambo huo zikarudi kwenye meno yanayotazama juu, na kukubali milima ya kadiri.