Maji ya mfereji Nakuru: kuchemsha hakuondoi floridi

Katika kazi yangu ya kupima maji, swali linalonifuata hadi sokoni ni fupi: haya maji ya mfereji ni salama au la? Anayeuliza hutaka ndiyo au hapana, nami humrudishia maswali. Unakaa mtaa gani? Plotini kwenu kuna tangi? Una mtoto wa miaka mingapi? Maji ya Nakuru hayana asili moja. Kuna ya visima virefu vya Baharini na Kabatini, kuna ya mito yanayoletwa kutoka upande wa Gilgil, na kuna ya visima vya watu binafsi vilivyochipuka mitaani kadiri mji ulivyotanuka. Yote huishia kwenye mitungi ile ile ya manjano, na ukiangalia mtungi hujui kilichomo.

Hofu ziko mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni vijidudu, ya pili ni floridi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba. Shida ninayoiona ni kwamba mtu anatibu moja, analala usingizi akidhani amemaliza zote mbili.

Nianze na floridi kwa sababu hiyo ndiyo yetu hasa, watu wa Bonde la Ufa. Ardhi tunayokalia ni mabaki ya volkeno. Menengai pale juu inatukumbusha kila siku. Miamba hiyo ina floridi, na maji yanayopenya chini polepole huiyeyusha na kuibeba. Lakini miamba ya namna hiyo iko sehemu nyingi duniani. Kinachofanya kwetu kuwe kubaya zaidi ni upungufu wa kalsiamu. Maji yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, ingeshikana na floridi, zikageuka kuwa punje ngumu na kubaki ardhini. Maji yetu ya chini yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floridi haina wa kuishika, inapanda na maji hadi kwenye pampu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulipima sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini Kenya nzima: asilimia 61 zilizidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zilizidi miligramu 5. Ziwa Nakuru lenyewe, ambalo maji huingia na hayana pa kutokea isipokuwa kukauka kwa jua, lilipatikana na zaidi ya miligramu 2,000. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa, najua, lakini inaonyesha tumekalia nini.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa, kwa Shirika la Afya Duniani na kwa viwango vya Kenya pia, ni miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kuna jambo linalowachanganya watu: floridi kidogo ni nzuri kwa meno. Sehemu nyingi za Marekani huiongeza kwenye maji ya mfereji kwa makusudi, na tangu 2015 kipimo kinachopendekezwa huko ni 0.7. Wao wanaongeza, sisi tunatafuta namna ya kupunguza.

Maji ya mito kwa kawaida yana floridi kidogo kuliko ya visima virefu, ndiyo maana kuyachanganya kunasaidia mji. Ndiyo maana pia kipimo cha mfereji wako kinaweza kubadilika kukiwa na mgao au pampu imeharibika mahali, kwa kuwa siku hiyo unaletewa maji ya chanzo kingine. Mtu akikwambia "floridi ya Nakuru ni kiasi fulani" kana kwamba mji mzima una namba moja, muulize alichota wapi na lini.

Sasa, kuchemsha. Chukua lita tano zenye floridi miligramu 2 kwa kila lita. Ukizichemsha hadi zikabaki lita nne, mvuke umeondoka na floridi imebaki yote sufuriani. Kila lita sasa ina 2.5. Vijidudu vimekufa, hilo ni kweli, lakini floridi imezidi. Chujio la udongo halisaidii upande huu, mkaa wa kawaida hausaidii, klorini haisaidii. Na yale magamba meupe yanayoganda ndani ya birika, ambayo wengi huniletea kama ushahidi, kwa sehemu kubwa ni chumvi nyingine zilizoshindwa kukaa ndani ya maji moto. Floridi yenyewe huioni, huinusi, huionji.

Wanaopaswa kuwa na wasiwasi zaidi ni wenye watoto wadogo. Ngozi ngumu ya jino hujengwa ndani ya ufizi, jino likiwa bado halijatokeza, na kazi hiyo kwa meno ya mbele huwa imekwisha mtoto akifika miaka minane hivi. Floridi ikizidi katika miaka hiyo, jino hutoka na madoa meupe kama chaki, au ya kahawia, na likizidiwa sana linakuwa na vishimo. Mtu mzima aliyehamia Lanet mwaka jana meno yake hayatageuka kahawia kwa maji haya. Aliyekwisha kuwa na madoa naye hayatatoka kwa kusugua mkaa wala ndimu. Hivyo vinakula jino tu, aende kwa daktari wa meno. Mifupa ni habari nyingine: huathirika kwa maji yenye floridi nyingi zaidi, yakinywewa kwa miaka mingi.

Na tusiyabebeshe maji lawama zote. Majani ya chai hukusanya floridi kutoka udongoni, kwa hiyo mtoto anayepewa chai asubuhi na jioni, tena iliyopikwa kwa maji ya kisima, anapata mara mbili. Magadi tunayotia kwenye maharagwe na githeri ili viive haraka nayo huwa na floridi, na mengine huwa nayo nyingi. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo, kwa sababu hapana gharama: loweka maharagwe usiku, magadi yaache, na chai ya mtoto iwe maziwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie maji. La rahisi kuliko yote ni mvua. Maji ya paa la mabati karibu hayana floridi kabisa. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha kinga. Ukichanganya ndoo moja ya mvua na ndoo moja ya mfereji yenye miligramu 3, unapata 1.5. Tatizo ni nafasi ya tangi, na mpangaji wa chumba kimoja Kaptembwo hana paa lake.

Njia nyingine ina historia hapa hapa Nakuru: mkaa wa mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikapondwa ikawa chembe, na maji yakipita humo floridi hunaswa. Kuchoma kwenyewe ni ufundi. Ikiungua mno inakuwa myeupe na nguvu ya kunasa inapungua. Isipoungua vya kutosha inabaki ya kahawia na maji yananuka mfupa. Inayotakiwa ni ya kijivu inayokaribia weusi. Chembe hizo huchoka, na zikichoka maji hayabadiliki ladha, kwa hiyo chujio lisilopimwa ni pambo la jikoni. Hali ni hiyo hiyo kwa vibanda vya kujaza maji mitaani: mashine yenye utando, yaani chujio laini mno ambalo maji husukumwa kupita humo, huondoa floridi vizuri, ilimradi utando ubadilishwe unapochakaa. Muulize mwenye kibanda mara ya mwisho alipima lini. Uso wake utakujibu.

Kuhusu vijidudu nitakuwa mfupi, ingawa ndivyo vinavyolaza watu hospitalini haraka kuliko floridi. Maji yanayotoka kwa kampuni ya maji huwa na klorini, na inayobaki mferejini inapaswa kuwa angalau miligramu 0.2 kwa lita. Tunapima kwa kidonge: unakitia kwenye kichupa cha mililita 10, unatikisa, maji yanakuwa ya waridi. Nikipima kwenye bomba la barabarani mara nyingi napata waridi. Nikipanda ngazi kwenye plot hiyo hiyo na kuchota tangini, maji yanabaki meupe kama yalivyokuwa. Klorini imeishia juu ya matope ya chini ya tangi, mfuniko ulipeperushwa na upepo, na ndani kuna manyoya ya njiwa. Wakati wa mgao nako, mabomba yakiwa matupu, maji machafu ya mtaroni hunyonywa ndani kupitia penye ufa. Maji yakirudi, yaache yatiririke kwanza mpaka yasafike, kisha ya kunywa uyachemshe au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifurushi.

Kama nyumba yenu inategemea kisima cha plot, usisubiri mimi nije. Mwombe mwenye nyumba cheti cha maabara na usome mistari mitatu tu: floridi isizidi 1.5, E. coli (kijidudu kinachoonyesha maji yameguswa na kinyesi) iwe 0 kwa mililita 100, na tarehe. Cheti cha siku kisima kilipochimbwa hakikwambii kitu kuhusu vijidudu vya mwaka huu. Mwenye nyumba akisita, wapangaji mnaweza kuchanga mkapeleka sampuli wenyewe. Kwa floridi chupa safi ya plastiki inatosha. Kwa vijidudu chukueni chupa ya maabara iliyotakaswa, iwekeni kwenye barafu, na ifike siku hiyo hiyo.