Je, wajua kwa nini mguu wenye kisukari hupenda kiatu kinachobana?

Nenda soko la Karume au Gikomba, jaribu kiatu chochote, na muuzaji atakuuliza jambo moja tu: "Kinabana?" Ukisema hakibani, biashara imekwisha. Kwa mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi, swali hilo linaweza kumpoteza kabisa. Zinazotakiwa kulijibu ni neva za miguu yake, yaani mishipa ya fahamu, na huenda zimeshanyamaza.

Shangazi yangu alinunua viatu vya kufunika kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Jozi ya kwanza aliikataa: "Vinanipwaya." Ya pili, vilevile. Ya tatu, iliyokuwa ndogo kuliko zote, ikampendeza: "Hivi ndivyo vimenikaa." Alicheza mpaka usiku wa manane. Alipovua, ngozi ya ubavuni mwa kidole cha mwisho ilikuwa imechubuka yote na ndani ya kiatu kulikuwa na damu iliyoanza kukauka. Hakuwa amesikia maumivu hata kidogo. Kidonda kile kilitusumbua miezi minne.

Hakukosea kwa uzembe. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva, na zilizo ndefu zaidi ndizo huanza kuumia. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda juu taratibu. Mguu wa namna hiyo haupokei tena mguso mwepesi, kwa hiyo kiatu cha saizi sahihi huonekana kama kinapwaya. Kile kinachominya ndicho pekee kinachosikika, na mwenyewe huona kwamba hicho ndicho kimemshika vizuri. Ganzi inaweza kufika mbali mno: madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika katika majarida ya tiba kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini.

Somo hili lilitoka kwanza kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba viungo vya wagonjwa wake havikuwa vikioza kwa sababu ya ukoma wenyewe. Viliumia kwa sababu mwenyewe hasikii. Mtu mwenye hisia, kiatu kikimsugua, huanza kuchechemea bila kujijua. Uzito huhamia upande mwingine na ngozi hupumzika. Asiyesikia hachechemei. Hukanyaga palepale, hatua maelfu kwa siku, mpaka ngozi inaachia. Baadaye, akiwa Marekani, Brand aliwafundisha madaktari kwamba mguu wa mwenye kisukari huumia kwa njia hiyohiyo.

Basi mguu ukishanyamaza, karatasi iseme badala yake. Pima jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyosonga. Simama wima juu ya karatasi, uzito wote ukiwa chini, maana ukikaa mguu hautandazi. Mtu mwingine apitishe penseli kuuzunguka, akiisimamisha wima bila kuilaza ndani. Fanya hivyo miguu yote miwili, kisha ufuate ule mkubwa. Urefu hupimwa kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, na kwa baadhi ya watu kidole hicho si gumba. Upana hupimwa pale vidole vinapoungana na wayo, sehemu iliyo pana kuliko zote.

Ndani ya kiatu, urefu uzidi mguu kwa sentimita 1 hadi 2. Upana ulingane na wa mguu, usipungue. Kimo nacho kitazamwe: vidole vilivyojikunja husuguana na paa la kiatu. Namba peke yake haitoshi. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 42 ni kama sentimita 28, lakini namba hiyo haikuambii lolote kuhusu upana wala kimo. Mimi hukata mchoro ule kwenye boksi gumu na kuusukuma ndani ya kiatu. Kingo zikijikunja, narudisha kiatu hata kama mwenyewe anakipenda.

Kuna mambo yetu ya kila siku ambayo yanahitaji jicho. Ndala hushikiliwa na vidole, huacha kisigino wazi, na ule mkanda husugua katikati ya vidole. Katambuga, vile viatu vya tairi, ni imara, ila pitisha kiganja ndani utafute ncha za misumari. Kiatu cha mtumba kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Kama soli imeliwa upande mmoja, kiache. Na sisi tunaovua viatu mlangoni, mwenye ganzi awe na viatu safi vya ndani asivyotoka navyo nje. Mchana wa jua kali, sakafu ya ua wa msikiti inaweza kumuunguza asijue.

Kiatu kipya avae kwa saa moja au mbili tu siku ya kwanza, kisha vua mtazame mguu pamoja. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa unaonyesha mahali kinapobana. Soksi nyeupe husaidia, kwani doa la damu au usaha huonekana upesi. Kukiwa na kidonda, au mguu umevimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, aende hospitali siku hiyohiyo. Aliyewahi kupata kidonda, au ambaye mguu wake umebadilika umbo, anahitaji kiatu cha kutengenezewa na mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba, kama wale wanaofundishwa chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi.

Shangazi sasa hutembea na vipande viwili vya boksi mkobani, kila kimoja na tarehe yake. Tulipochora upya mwaka huu, mguu wa kushoto ulikuwa umetanuka kidogo kupita mchoro wa zamani, karibu upana wa penseli. Mchoro ule wa zamani tukautupa.